Kabla hujampa binti chai ya kupunguza tumbo

Wiki mbili zilizopita nilipokea ujumbe mrefu kutoka kwa mama mmoja wa Maganzo, pale jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu. Ameomba nisitaje jina lake, na sitalitaja. Nimeufupisha, lakini kiini chake ni hiki:

"Shangazi, shikamoo. Nina watoto wawili, wa kiume ana miaka 16 na wa kike ana miaka 14. Wanakula chungu kimoja, tena kaka ndiye anayekula zaidi. Lakini kaka ni mwembamba kama ufito, na dada amefika kilo 66. Sare niliyomshonea Januari imeshambana. Darasani wanamwita bonge. Siku hizi anakataa chakula cha mchana shuleni, halafu usiku namkuta jikoni anakwangua sufuria. Jirani ameniuzia chai ya kupunguza tumbo kwa shilingi 35,000, anasema hata watoto wanakunywa. Nimeiweka kabatini. Je, nimpe?"

Marahaba mwanangu. Usimpe.

Nyingi ya chai hizi zina majani ya kuharisha. Mtu anashinda chooni, kesho yake akipanda mzani anakuta kilo moja imepungua, anafurahi. Kilichotoka ni maji na chumvi za mwili, mafuta yako palepale. Akinywa maji na kula, kilo inarudi. Mtoto wa miaka 14 bado anajenga mifupa, na kama ameanza hedhi anahitaji damu ya kutosha kila mwezi. Kumharisha mara kwa mara ni kumnyang'anya vitu anavyovihitaji kuliko wakati wowote. Na kama pakiti haina usajili wa TMDA, wewe na jirani yako wote hamjui ndani kuna nini.

Kuna jingine linalonisumbua zaidi. Huyo binti anaitwa bonge darasani. Siku mama yake mzazi atakapompa kikombe cha chai ya kupunguza tumbo, ataelewa kwamba hata nyumbani wamekubaliana na wale wa darasani.

Sasa tuje kwenye kilo 66. Umenieleza uzito, ukasahau urefu, na bila urefu siwezi kukwambia lolote. Binti wa kilo 66 mwenye sentimita 150 na mwenzake wa kilo hizohizo mwenye sentimita 168 hawana hali moja. Kwa watu wazima wataalamu huchukua kilo, wakazigawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu likifika 25 wanasema uzito umezidi, likifika 30 wanasema ni unene wa kupindukia. Namba hizo zimezoeleka mitandaoni, na wazazi wengi wanawapimia watoto wao. Hapo wanakosea. Mtoto anapimwa kwa chati ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya miaka 5 hadi 19, inayoangalia umri wake na kama ni wa kike au wa kiume, kwa sababu mwili wa miaka 11 na mwili wa miaka 17 havilingani.

Hapa niseme jambo ambalo nimeliona kwa wazazi wengi. Kadi ya kliniki tuliifuata kwa uaminifu. Kila mwezi mtoto alining'inizwa kwenye mzani, nesi akaweka nukta, tukaambiwa anakua vizuri au ameshuka. Alipotimiza miaka mitano kadi ikaingia kabatini, na mzani ukawa umeisha. Tangu hapo hakuna aliyempima kwa utaratibu, mpaka siku sare ilipombana. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ndogo: mpeleke kituo cha afya, apimwe uzito na urefu, muulize mhudumu amuangalie kwenye chati ya umri wake. Mpeleke na kaka yake pia, maana huo wembamba wa ufito nao haujapimwa.

Na ujue kwamba sehemu ya kilo hizo ni ya haki yake. Msichana akianza kubalehe, mwili unaweka mafuta nyongani, mapajani na kifuani. Ndivyo ulivyopangwa. Wavulana kwa kawaida huchelewa kidogo kubalehe, halafu wanarefuka kwa kasi, na misuli inaongezeka. Kumlinganisha dada wa miaka 14 na kaka wa miaka 16 ni kulinganisha mtama na mahindi kwa sababu vimeota shamba moja.

Lakini hiyo haimalizi habari. Niliposoma neno lako la "chungu kimoja" nilikuandikia nikuombe uniorodheshee siku ya kila mmoja, tangu anapoamka hadi anapolala. Ulifanya kazi nzuri sana. Niliposoma majibu nikaona kwamba chungu ni kimoja kweli, ila siku ni mbili.

Kaka anaamka, anakunywa chai, anatembea kwenda shule na wenzake, anarudi kwa miguu. Saa 10 jioni yuko uwanjani mpaka giza. Anakula ugali mkubwa, analala saa 3 usiku kama gogo.

Dada anaamka saa 11 alfajiri. Hanywi chai kwa sababu hana muda. Saa 12 na nusu bodaboda wa mkataba wa mwezi yuko mlangoni. Saa nne anakula maandazi matatu na soda. Chakula cha mchana, ambacho ni makande, anakiruka kwa sababu ya maneno ya wenzake. Baada ya masomo kuna tuisheni hadi saa 12 jioni, ambapo amekaa kwenye benchi. Bodaboda anamrudisha. Nyumbani maji yako bombani na gesi iko jikoni, anasaidia kidogo, anakaa kwenye tamthilia. Anakula saa 3 usiku akiwa na njaa ya siku nzima. Halafu anaingia na simu chumbani. Ulisema umewahi kumkuta macho saa 6 usiku.

Nani katika hao wawili ni mlafi? Mimi simuoni.

Bodaboda huyu tusimlaumu haraka. Uliniambia ulimweka kwa sababu njiani kuna wanaume wanaowarubuni wanafunzi kwa lifti na chipsi mayai, na mzazi yeyote wa ukanda huu, kuanzia Mwadui mpaka machimbo ya Geita, anajua hofu hiyo si ya kubuni. Ulilipa ili binti awe salama. Ni kweli ulimlinda. Ila pamoja na hatari, uliondoa pia mwendo wa miguu wa kila siku, na hakuna kilichowekwa badala yake. Ndivyo ilivyo na maji. Mradi wa Ziwa Victoria ulipofikisha maji Shinyanga na Kahama mwaka 2009, akina mama walipumzika ndoo, na sitaki kusikia mtu anasema zamani ilikuwa heri. Hata hivyo mwili wa msichana wa zamani ulikuwa na ndoo, kuni, mchi na shamba la pamba. Wa leo hana hata kimoja, na tumesahau kumpa mpira.

WHO inashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 kwa siku za shughuli inayowafanya wapumue kwa kasi. Utafiti wake uliotangazwa mwaka 2019, uliokusanya takwimu za wanafunzi milioni 1.6 katika nchi 146, ulikuta vijana 81 kati ya 100 wa miaka 11 hadi 17 hawafikishi saa hiyo. Wasichana walikuwa nyuma ya wavulana: 85 kati ya 100, wavulana 78. Yaani tofauti iliyopo kati ya watoto wako wawili imeenea dunia nzima.

Kwetu inaanza lini? Ukitaka kujua, chunguza mtaani kwenu. Wasichana wa miaka 9 wanacheza rede, wanaruka kamba, wanapiga kelele hadi wanaitwa ndani. Wakifika miaka 12 au 13 wanatoweka uwanjani. Kifua kimeanza kuota na hana sidiria ya kumbana vizuri. Hedhi imeanza na taulo ni za kubahatisha, anaogopa kuchafuka. Bibi anamwambia mwanamwali harukiruki. Kaka zake hawaambiwi hivyo. Kwa hiyo kabla ya kumwambia "kafanye mazoezi", mnunulie sidiria inayomshika na taulo za kutosha, halafu muulize kama shuleni kwao kuna netiboli. Zipo shule ambazo timu hukumbukwa tu michezo ya UMISSETA inapokaribia, na hapo wazazi mnaweza kumuuliza mwalimu wa michezo kwa nini mpira usidundwe mwaka mzima.

Kuhusu njia, jaribu hili. Asubuhi aendelee na bodaboda, kwani ni mapema na kuna giza. Jioni, kama umbali ni wa kutembeka, arudi kwa miguu na wasichana wengine wanne au watano wa mtaa wenu, siku ambazo hakuna tuisheni. Zungumza na mama zao, nao wana hofu ileile. Wakitembea kundi, wakajulikana saa wanayotoka na saa wanayofika, wale wa lifti hupata shida kidogo. Ukiona haiwezekani, basi Jumamosi mtembee pamoja kwenda sokoni na kurudi, wewe na yeye. Utasikia mengi njiani ambayo jikoni hasemi.

Sasa vinywaji. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko tisa hivi vya chai. WHO inapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nguvu ya chakula cha siku, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo, yaani kama vijiko sita. Soda ya saa nne imeshavipita vyote sita, kabla hajanywa chai ya jioni ambayo, kwa desturi zetu za Usukumani, kijiko husimama. Na sukari ya kunywa haishibishi. Mtu akila viazi viwili tumbo linajua. Akinywa soda tumbo linauliza chakula kiko wapi. Juisi za unga na zile za pakiti ni ndugu zake. Vinywaji vya kuongeza nguvu sitaki hata kuvijadili, mtoto asivinywe. Maji ya kunywa kwenye chupa yake ya kwenda nayo shuleni, katika joto lile la Kishapu, ndiyo badiliko rahisi kuliko yote niliyoyataja leo.

Kisha asubuhi. Uliniambia hana muda, lakini nyumbani kwenu kuna michembe na matobolwa, uliyataja mwenyewe kwa kupita, ukasema watoto wanayaona ya kishamba. Viazi vilivyokaushwa na mama zetu kwa ajili ya kiangazi vimeonekana aibu, na andazi la mafuta yaliyochemshwa mara tano limeonekana ustaarabu! Chemsha michembe usiku, twangia karanga, asubuhi apashe na kula kabla bodaboda hajapiga honi. Si lazima kila siku. Siku nyingine yai na kipande cha kiazi, siku nyingine uji. Akifika saa nne bila njaa kali, maandazi matatu yatakuwa moja, na makande ya mchana hayatamuogopesha kama siku ameshinda na njaa.

Hilo la kuruka mlo wa mchana ndilo la haraka kuliko kilo. Anajinyima mchana, usiku mwili unadai deni lote kwa mara moja, anakwangua sufuria, anajiona amekosa, kesho anajinyima tena. Wengi wanaoanza hivi wanaongezeka uzito, na wachache wanaingia kwenye kujitapisha. Usimvizie jikoni. Mtengee chakula chake cha jioni mapema, saa 12 na nusu akirudi, aketi ale ashibe, kiwe na mlenda au mchicha mwingi, maharage au dagaa, na ugali wa kiasi. Wote nyumbani wale hivyohivyo. Ukimpikia yeye peke yake chakula cha "kupungua", umemtenga kwenye meza ya nyumbani kwao.

Usingizi watu hawaamini. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Kuanzia saa 6 usiku hadi saa 11 alfajiri ni saa tano. Asipolala vya kutosha, homoni inayoleta njaa hupanda na ile inayoleta shibe hushuka, na kesho yake anatamani vitamu na vya mafuta. Simu zote za nyumba zilale sebuleni kuanzia saa 3 usiku. Nimesema zote. Yako na ya baba pia.

Nimemtaja baba, na hapa nilisoma barua yako mara mbili. Uliandika kwamba mgodi uliposimamisha uzalishaji Aprili 2020, wakati wa corona, mume wako alikaa nyumbani na mlikula mlichopata. Binti alikuwa na miaka minane hivi, akakonda. Kazi ilirudi 2021, halafu Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi likapasuka na kazi ikasimama tena. Uliandika: "Baba yao aliapa watoto wake hawataonekana tena kama wana njaa." Ndiyo maana kila akipokea mshahara anarudi na mfuko wa chipsi kuku na soda kubwa, na anamwekea binti sahani ya kwanza.

Mwambie mume wako nimemwelewa. Kwa watu walioona mshahara ukikatika mara mbili, mtoto mwenye shavu ni ushahidi kwamba nyumba imesimama. Na kwetu mwili mwembamba umebeba kumbukumbu mbaya za magonjwa na misiba. Lakini hali inabadilika chini ya miguu yetu. Septemba 2025 UNICEF ilitangaza kwamba duniani, kwa mara ya kwanza, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene wa kupindukia wamewazidi wenye uzito pungufu, asilimia 9.4 dhidi ya 9.2. Afrika kusini mwa Sahara bado wenye uzito pungufu ndio wengi. Kwa hiyo mtaa mmoja wa Maganzo unaweza kuwa na mtoto asiye na chakula cha kutosha, na nyumba ya pili kuna mwingine anayeelekea kwenye shinikizo la damu na kisukari cha ukubwani kabla ya ukubwa. Baba asiache zawadi ya mwisho wa mwezi. Abadilishe tu iwe samaki, au kuku wa kuchoma na parachichi, na soda ndogo wagawane siku hiyo moja. Na kwa binti, zawadi inaweza kuwa raba za kuchezea netiboli.

Mjomba anayekuja kutoka kijijini na kumsifu kwamba "huyu ataleta ng'ombe wengi" aambiwe na baba, kwa heshima lakini wazi, kwamba mtoto wa miaka 14 hahesabiwi ng'ombe. Huku anasifiwa, kule anachekwa, na pande zote mbili wanazungumzia mwili wake kana kwamba yeye hayupo. Muulizeni habari za hisabati.

Kuhusu wale wanaomwita bonge, nenda kwa mwalimu wa malezi. Nenda bila yeye, ili asionekane amekuleta.

Yapo ya kumpeleka hospitali bila kusubiri miezi. Kiu isiyoisha na kukojoa mara nyingi, hasa kama anapungua huku anakula. Kukoroma usiku na kusinzia mchana. Hedhi iliyokuwa inakuja ikakatika. Maumivu ya goti au nyonga yanayomfanya achechemee. Kutapika baada ya kula. Na hili wazazi wengi hulipita: weusi mnene shingoni na kwapani, kama velveti, ambao hautoki. Nimeona mama anamsugua mwanawe kwa dodoki mpaka ngozi inachubuka, akimwita mchafu. Mara nyingi ni dalili kwamba mwili unahangaika na sukari, na daktari anatakiwa kuuona.

Ukishampima, usimpime tena kila asubuhi. Mara moja kwa mwezi inatosha. Na usitegemee kilo zishuke. Kama bado anarefuka, uzito ukibaki palepale kwa miezi sita huku urefu unaongezeka, mambo yanakwenda sawa. Angalia zaidi kama anapumua vizuri akipanda kilima, kama anakula makande mchana, kama anacheka.

Niandikie urefu wake ukishaupata, na wa kaka pia. Kuhusu shilingi zako 35,000, sidhani jirani atakurudishia. Mwage tu, mwanangu, na pakiti uitupe mahali ambapo binti hataiona.